Uliza Maalim: Hasira za mgeni wa chumba namba 12

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mie kijana wa Nungwi, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja, jina lake nalihifadhi maana bosi nae anasoma gazeti lenu. Siku zile za kusi kali boti za kwenda Mnemba hazikutoka siku mbili mfululizo, na siku hizo hizo AC ya chumba namba 12 ikafa. Mgeni kaja kaunta uso mwekundu kama tungule, kasema sana, mie nikaomba radhi mpaka mdomo ukachoka. Usiku nikaona nimuandikie kikaratasi kizuri nikipitishe chini ya mlango. Nikafungua kamusi kwenye "hasira", nikakuta "anger", mbele yake "wrath", nikaona hili la pili ndo la kisomi zaidi, nikaandika kwamba hoteli inasikitika kwa "your wrath". Asubuhi namuona anakunywa chai anacheka peke yake, kakitoa kikaratasi kakionesha meza nzima, halafu kaniita kaniuliza, kwani rafiki yangu mie Mungu? Nilishukuru kwamba kacheka lakini aibu niliyoipata naijua mwenyewe. Sasa Maalim kamusi limesema hasira, kosa langu lipi? Na neno lenyewe limetoka wapi na linatumiwa vipi, nisije nikarudia.
Wa Mapokezi, Nungwi

JIBU: Wa alaykumus salaam mwanangu. Kwanza nisamehe, nimecheka mpaka kahawa ikanipalia, waliokuwa barazani wakaniuliza kuna nini nikawasomea barua yako (hoteli sikuitaja, nami siijui) na wao wakacheka, kwa hivo mgeni wako ana wenzake. Lakini nilipotulia nikaona kosa si lako peke yako, kamusi nalo limekuuza. Kamusi dogo la mfukoni linapanga maneno kama samaki mnadani, fungu moja kwa bei moja, anger, wrath, rage, fury, ire, na weye mnunuzi ukitizama kwa juu unaona wote changu, kumbe humo kuna changu na kuna bunju.

"Wrath" kwa Kiingereza cha leo ni ghadhabu. Na ghadhabu unaijua tangu chuoni, kila rakaa unasoma ghayril maghdhubi alayhim, si njia ya walioghadhibikiwa, na sijawahi kumsikia shekhe yeyote akafasiri pale "walionuniwa". Ni hasira ya mwenye nguvu kumuelekea asie nazo, na nyuma yake pana adhabu au angalau kitisho cha adhabu. Kwa hivo mwenye neno hili hasa ni Mungu, "the wrath of God", baada yake wafalme, baada yake vile vitu vikubwa ambavyo binadamu havizuii, bahari, tufani, radi. Kile kimbunga cha Aprili 1872 kilichoipiga Unguja na kuilaza mikarafuu chini, Pemba ikanusurika sehemu kubwa na ikawa ndo mama wa karafuu tangu hapo, kile Muingereza akikihadithia anaweza akaandika "the wrath of the storm" na hakuna atakaemcheka. Sie tunasema bahari imechafuka, basi, tunarudisha ngalawa pwani.

Mtu wa kawaida neno hili anaazimwa tu. Kwenye magazeti yao utalikuta na kitenzi "incur", waziri kapandisha kodi basi "incurred the wrath" ya wakulima, yaani kajitafutia ghadhabu zao, na hapo limekaa sawa kwa sababu wakulima wakiwa wengi wanaweza wakamwangusha, nguvu wanazo. Au linakuja kwa mzaha, mwanamme kachelewa kurudi nyumbani anawaambia wenzake naenda kukabili "wrath" ya mke wangu, anamfanya mkewe sultani na wote wanajua ni mzaha. Na mgeni wako ndivo alivolisikia, mtu kakosa AC usiku mmoja na kakosa kuogelea na samaki, mara anapelekewa waraka chini ya mlango kwamba hoteli nzima inatetemeka kwa ghadhabu zake. Yeye alikuwa na hasira za jasho tu yakhe.

Ungeandika nini? Mimi ningeacha kabisa kuzitaja hasira zake. Ningetaja AC na boti. Tunasikitika kwa AC, fundi anakuja saa ngapi, boti ikitoka kesho nafasi yako ipo, basi. Kwani hata kwa Kiswahili mtu akija kwako kavimba humwambii pole kwa hasira zako, ukimwambia hivo ndo umezitia mafuta ya taa, unamwambia pole kwa usumbufu, unamvutia kiti, unampa maji. Ikiwa lazima utaje moyo wake basi Waingereza wa hotelini wana "frustration", neno la mtu aliyezuiliwa anachokitaka, hilo halimpandishi mtu kwenye kiti cha enzi.

Haya, asili yake, hapa utanivumilia maana napapenda.

Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1150 hivi ambacho Muingereza wa leo ukimpa akisome anakutolea macho, kilikuwa na neno "wrað", ile herufi ya mwisho siku hizi wanaiandika th. Maana yake aliyekasirika. Lakini ukilichimba zaidi unakuta chini yake kuna kusokota. Kitenzi ndugu yake kilikuwa "wriðan", kusokota, kupinda, kufunga kwa kuzungusha, na mpaka leo kipo, "writhe", kujinyonganyonga kama mtu mwenye tumbo la kukata. Na yupo ndugu mwengine mpole, "wreath", shada la maua, maana shada nalo ni vitawi vilivosokotwa pamoja. Kwa hivo mtu mwenye "wrath" wa zamani hasa alikuwa mtu aliyepindika ndani.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu wa Jambiani. Kazi yake ilikuwa kamba. Makumbi yanazikwa pwani kwenye mchanga yanakaa miezi, yakifukuliwa yana harufu usiombe, yanapondwa kwa magongo mpaka ubaki usumba mtupu, unaanikwa, halafu ndo unakaa chini miguu umeinyoosha unasokota baina ya viganja, unaongeza usumba unasokota, unaongeza unasokota. Sasa kamba ukiisokota kwa kiasi inakuwa na nguvu, ukiizidisha inajikunja wenyewe kwa wenyewe, inajitia vifundo, ukiiachia mkononi inaruka kama nyoka. Siku bibi kaudhiwa hakuwa na haja ya kusema, kamba ya siku hiyo ilikuwa inakaza mno, na mnunuzi mmoja aliyemzoea alikuwa akiichukua anaipapasa kwa vidole anamwambia, bi mkubwa leo umemsokota nani humu? Bibi Kiingereza hakujua hata cha salamu, lakini "wrað" angeielewa kabla yangu mie niliyekwenda skuli.

Na ukishaijua hiyo herufi wr unaanza kuwaona jamaa zake kila pahala. "Wring" kukamua nguo, si unaisokota? "Wrench" kule Marekani ndo spana, chombo cha kuzungushia nati. "Wrist" kifundo cha mkono, pale mkono unapogeuka. "Wrestle" mieleka. "Wrinkle" kunyanzi. Na "wrong", kosa, hili walilipata kwa watu wa Skandinavia na kwao lilikuwa na maana ya kitu kilichopinda, na sie tunasema mambo yamekwenda kombo, na mtu muovu tunamwita mpotofu, kutokana na kupotoa, yale yale ya kupinda, wala hakuna aliyemuigiza mwenzake. (Ila usijeukachukua kila wr ukaitia humu, "write" ya kuandika asili yake ni kukwaruza na kuchora, haina kamba.) Ukipata mgeni wa Denmark muulize, kwao "vred" ni mwenye hasira na "vride" ni kusokota, bado yanakaa nyumba moja mlango kwa mlango. Kiingereza chenyewe ndo kishasahau.

Sasa na lile neno la kwanza uliloliruka kwenye kamusi, "anger", nalo lina habari yake, na kwangu mie ndo habari tamu zaidi. Hili si la Waingereza wenyewe. Limekuja na watu wa majahazi, wale maharamia wa Skandinavia walioanza kuivamia Uingereza kwa nguvu mwaka 793, mwanzo wakipora halafu wakakaa wakaoa wakalima, na maneno yao yakaingia majikoni. Kwao "angr" haikuwa hasira. Ilikuwa huzuni, dhiki, majonzi. Lilipoanza kuandikwa kwenye Kiingereza karne ya 13 bado lilikuwa na harufu ya majonzi, halafu polepole likageuka, huzuni ikawa hasira. Na ukoo wake wa mbali ni maneno ya kubana na kukaba, Kilatini "angere" kukaba roho, Kijerumani "Angst" ile hofu ya kifua kubana.

Haya sasa tulia. Hasira yetu sisi imetoka wapi?

Kiarabu, kila mtu atakwambia, na ni kweli. Lakini kwa Kiarabu "hasra" si hasira! Ni majuto, sikitiko, uchungu wa kitu kilichokupotea. Mwarabu akitaka kusema hasira anasema ghadhab. Na hili huhitaji kunisadiki mie, Yasini unaisoma kila wiki na pengine unaijua kwa moyo, fika aya ya 30, "Yaa hasratan alal ibaad", hapo panasikitikiwa waja kwa kuwakejeli mitume waliowajia, ni sikitiko lile, wala si kukasirikiwa. Mie niliisoma miaka na miaka na kichwani nasikia "hasira" kwa sababu ulimi wangu wa Kiswahili ndo uliokuwa unanifasiria, mpaka siku moja shekhe alipotufasiria nikaona haya.

Yaani mwanangu, Waingereza na watu wa mwambao huu hawakuwahi kukaa baraza moja, lakini kila mmoja kachukua neno la huzuni kutoka kwa wageni waliokuja na majahazi kalifanya neno la hasira. Njia moja kabisa.

Sijashangaa sana. Nenda Forodhani jioni utizame watoto wanavochupa baharini kutoka ukutani, juu chini juu chini mpaka magharibi. Siku moja nilikuwa pale, mama mmoja kaja mbio buibui limemvuka kichwani, mwanawe katoka nyumbani tangu asubuhi na kuna mtu kamwambia kuna mtoto kazama. Kumbe hakuna aliyezama. Mtoto kamuona kakaa zake anakula mabaki ya urojo wa mtu, maji yanamchuruzika. Yule mama kavua kandambili kamchapa nayo mgongoni, moja mbili tatu, na huku analia, na baada ya ya tatu kamkumbatia na lile tope lake na wakakaa chini wote wawili. Sasa niambie, zile ni hasira au ni hasra? Waliokuwepo wakasema mama kapandwa na hasira. Mie nikasema moyoni, neno limerudi kwao.

Ndo maana siku hizi kila nikisikia "hasira hasara" nacheka kidogo, watu wanadhani hayo maneno ni ndugu kwa vile yanafanana. Si ndugu. Hasara kwa Kiarabu inaanza na kha, wazee wengine mpaka leo utawasikia wanasema khasara wakikwaruza koo, na hasira inaanza na ha. Kiswahili ndo kimeyakutanisha, yakafanana kama mapacha, tukayafungisha ndoa kwenye methali na ndoa imedumu.

Maneno mengine nayapitia mbio. "Ire" limeingia na Wafaransa baada ya mwaka 1066 walipoitwaa Uingereza, la Kilatini "ira", leo linaishi kwenye mashairi na kwenye vichwa vya habari kwa sababu ni herufi tatu tu na wahariri wana shida ya nafasi. Kichekesho ni kwamba Waingereza wenyewe zamani walikuwa na "irre" lao, halihusiani na hilo la Kifaransa, na lilikuwa na maana mbili, mwenye hasira na aliyepotea njia. Mwenye hasira kapotea! Na sie tuna hamaki, katika Kiarabu asili yake ni upumbavu, yule ahmaq. Mmarekani nae "mad" yake ni wazimu na ni hasira, inategemea siku. Halafu kuna "choler", hili la kale hasa, limetoka kwenye neno la Kigiriki la nyongo, kwa sababu matabibu wa zamani walisema mwili una maji manne na mwenye nyongo nyingi ya manjano ndo mkali. Tiba hiyo hiyo ilipita kwa Waarabu ikafika hapa, safura ndo nyongo ile ya manjano, na balghamu ni mwenzake mmoja. Neno la kipindupindu kwa Kiingereza, "cholera", nalo limezaliwa humo humo.

Kwa hivo weye kwenye kazi yako, mgeni akija juu mseme "upset" au "angry" ukizungumza na wenzako. Wale wanaotandikana kwa mabua ya migomba Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa wanatoa "anger", wanazitoa zote uwanjani huku wanawake wanaimba, na baada ya hapo kila nyumba ina chakula na mgeni halali na njaa. Ikiwa ni "wrath" haikwishi kwa bua la mgomba. Na ukimuandikia mtu, "wrath" liache likae kitabuni na Mungu na wafalme. Lakini usilifute kichwani, maana mgeni wako kakucheka kwa mapenzi na nakuhakikishia kikaratasi kile kakipeleka kwao kakibandika kwenye friji.

SWALI: Maalim salaam. Mimi msomaji wa Mkunazini, kwetu pale karibu na Kanisa Kuu. Toleo lililopita ulimjibu mtu kwa mstari mmoja kwamba "anger" ni hasira na "wrath" ni ghadhabu, ukamaliza. Sasa mimi ninayo Biblia ya Kiingereza ya 1611 na ya Kiswahili ya Union, nikafungua Mithali 15:1. Kiingereza kinasema jawabu laini linageuza "wrath", na maneno makali yanachochea "anger". Kiswahili kinasema "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Yamegeuzwa! Nani kakosea, wewe au waliofasiri?
Mwenye Vitabu Viwili, Mkunazini

JIBU: Ahsante sana, na barua yako ndo iliyonilazimisha kumjibu kijana wa Nungwi kwa urefu, maana mstari mmoja nimeona hautoshi.

Hakuna aliyekosea, lakini mimi nilikuwa na haraka. Kwanza wale hawakufasiri kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, Mithali ni ya Kiebrania, na Kiebrania nacho kina fungu lake la maneno ya hasira, kila mfasiri anagawa kivyake, huyu kampa wa kwanza neno zito, yule kampa wa pili. Halafu tizama Kiswahili kilivopangwa pale, inaonekana kuna sikio lililofanya kazi. Hasira imewekwa mwanzo kwa sababu ni ndogo, ni ile ambayo bado jawabu la upole linaweza kuigeuza. Neno la kuumiza likitoka ndo hasira inakua inakuwa ghadhabu. Inapanda ngazi. Kiingereza cha 1611 kinashuka ngazi, kinaanza na kubwa kinaishia na dogo, na kinasikika vizuri masikioni mwao kwa sababu nyengine kabisa, sauti na mapigo. Ukiniuliza mie upi umekaa vizuri zaidi nitakwambia wa Kiswahili, na usiniulize sababu nimezaliwa Unguja.

Na ndo ujue kuwa wakati ule "wrath" lilikuwa bado linatumika zaidi kwa watu kuliko leo, hata mtu na jirani yake. Lilipanda cheo baadae, na kwa maoni yangu kilicholipandisha ni kule kusomwa makanisani kila Jumapili likiwa na Mungu, likawa kama nguo ya sikukuu, huwezi tena kuendea nayo sokoni. Sie ghadhabu ilitufika ikiwa na nguo hiyo tangu mwanzo, kwa Fatiha.

Kwa hivo nautengeneza mstari wangu wa toleo lililopita: "wrath" ya leo ni ghadhabu, "wrath" ya 1611 mara nyengine ni hasira tu, itizame imesimama wapi.

SWALI: Shkamoo Maalim. Sie wanafunzi wa Wete tunabishana. Mwalimu wetu anasema "wrath" inatamkwa roth, wenzetu wanaotizama muvi za Marekani wanasema rath. Na ile w inatamkwa au haitamkwi? Na kuna mmoja anasema kuna neno "wroth", lipi sahihi?
Wanafunzi wanne, Wete

JIBU: Marahaba wanangu. Mwalimu wenu yuko sawa na wenzenu wako sawa, roth ni ya Uingereza na rath ni ya Marekani, na th zote mbili ni ile ya thelathini, si ile ya dhahabu. Mtihani wenu ukija na sikio la Kiingereza cha Uingereza basi kaeni na mwalimu.

W haitamkwi. Zamani ilitamkwa, midomo inaviringwa kwanza halafu r inafuata, jaribuni muone ilivokuwa kazi, na mnaocheka hapo darasani mjue Waingereza wenyewe iliwashinda wakaiacha karne ya 17. Kwenye maandishi wakaibakisha, na hapo ndo wanapowakamata nyie, mkiandika bila w mmekosa na mkiitamka mmekosa. Ila mkiiona muikumbuke ile kamba niliyomueleza wa Nungwi hapo juu, w na r zikikaa mwanzo pamoja mara nyingi kuna kitu kinasokotwa.

"Wroth" lipo, ni sifa ya mtu, aliyeghadhibika, lakini ni la kizee kabisa, ukimwambia Muingereza wa leo "I am wroth" atakutizama kama umetoka kaburini na upanga mkononi. Mkiwa na mchezo wa kuigiza skuli na mmoja wenu ni mfalme, mpeni yeye alitamke. Wengine semeni "angry".

Na yule wa Mkoani aliyeuliza kuhusu "umbrage", barua yako nimeipata, ni ndefu na neno lenyewe lina kivuli ndani yake, kivuli hasa cha mti, kwa hivo nikae nalo mpaka toleo lijalo.